Ekari 150 za pori Adjumani na ahadi ya milioni 90: je, ukoo unaweza kulipwa kwa kutokata miti?

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu, niko Adjumani. Ukoo wetu una ekari 150 hivi za pori la asili ambalo halijalimwa tangu wazee warudi kutoka Sudan. Lina shea nyingi, beyo (mti wa mbao ngumu) chache zilizosalia, na miti mingine ya kuni na nguzo. Vijana wanataka kuchoma makaa. Mwezi uliopita alikuja mtu akasema kampuni yake inanunua kaboni. Anadai pori letu lina tani zaidi ya 4,000, tani moja dola 6, kwa hiyo ukoo utapata karibu shilingi milioni 90 kila mwaka kwa miaka 40, mradi tusikate. Anataka milioni 2 za kupimia, na sahihi za wazee kwenye mkataba wa Kiingereza. Kwanza, ni kweli mtu hulipwa kwa kutokata? Pili, tutie sahihi? Vijana nao wanauliza: kwa nini waliofyeka wanalipwa kupanda, sisi tuliotunza hatupati kitu?

Jibu:

Mwalimu, ni kweli watu hulipwa kwa kutokata. Hapa hapa Uganda wamewahi kulipwa. Lakini milioni 90 kila mwaka kwa ekari 150 hazipo, na hizo milioni 2 msizitoe. Mkataba nao usubiri. Nitaeleza kwa urefu kidogo, kwa sababu ukirudi kwa wazee na "hapana" tupu, mwaka ujao atakuja mwingine mwenye gari zuri zaidi na mtaanza upya.

Tuanze na hesabu yake, maana naweza kuirudia bila kumwona. Ekari 150 ni kama hekta 60. Pori la kaskazini lisilo zito sana tulikadirie tani 40 za mti mkavu kwa hekta. Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni, kipimo kinachotumika sana ni 0.47, hivyo tunapata tani 18.8. Kaboni hiyo ikiungua na kuwa hewa ukaa huongezeka uzito mara 3.67, kwa hiyo hekta moja inashika tani 69 hivi. Zidisha kwa hekta 60, unapata 4,140. Mara dola 6, mara shilingi 3,600 kwa dola: milioni 89 na ushei. Umeona ilikotoka? Hakuna aliyepima chochote. Alichukua wastani wa vitabuni akauzidisha kwa ukubwa wa shamba, kazi ya dakika tano kwenye simu.

Wastani wenyewe sina ugomvi nao. Ubaya uko kwenye maneno "kila mwaka". Krediti moja ya kaboni ni tani moja ya hewa ukaa ambayo ingeingia angani na haikuingia. Miti iliyosimama tu, ambayo hakuna mtu angeigusa, haizalishi krediti hata moja. Kinachohesabiwa ni ile sehemu ya pori ambayo, bila mradi, ingekatwa mwaka huo. Yeye amewauzia wazee ghala zima, kisha akaliuza tena mwaka wa pili, na wa tatu, hadi wa arobaini.

Sasa tufanye hesabu kama ambavyo mkaguzi angeifanya. Tuseme takwimu za eneo lenu zinaonyesha pori linapungua kwa asilimia 3 kwa mwaka. Hiyo ni dhana yangu kwa ajili ya mfano, msiichukue kama kipimo cha Adjumani. Asilimia 3 ya hekta 60 ni hekta 1.8. Mara tani 69, tani 124. Hapo hatujatoa makato yoyote. Wapo watakaozuiwa kukata kwenu na kwenda kukata kwa jirani, na hewa haijui mpaka wa ukoo, kwa hiyo sehemu inaondolewa. Sehemu nyingine inawekwa kwenye akiba ya pamoja, ili moto ukipita au wezi wakiingia na msumeno wa mashine, krediti zilizokwisha kuuzwa zifidiwe kutoka humo. Tukiondoa asilimia 30 kwa yote mawili, zinabaki tani 87. Kwa dola 6 ni dola 522. Ukoo ukipata asilimia 60, ni dola 313, yaani shilingi milioni 1.1 na kidogo. Gawa kwa ekari 150: shilingi 7,500 kwa ekari kwa mwaka. Kama mna kaya 30, kila kaya inachukua elfu 37.

Kutoka milioni 90 hadi milioni moja. Naomba uwasomee wazee hesabu hiyo polepole, na kijana mmoja ashike kalamu. Wakibadilisha bei au kiwango cha ukataji, jibu litapanda au kushuka, lakini hata wakiwa wakarimu vipi halitakaribia milioni 90.

Na bado hatujalipa gharama. Mradi wa kaboni hauuzi kitu mpaka uandikiwe hati ndefu, upimwe, ukaguliwe na mkaguzi huru aliyeidhinishwa, usajiliwe, kisha ukaguliwe tena kila baada ya miaka michache. Ukaguzi mmoja hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Dola 522 zenu haziwezi kumleta mkaguzi hata afike Karuma njiani. Ndiyo maana miradi ya namna hii ni mikubwa. Ule wa Kasigau, Taita-Taveta kule Kenya, ambao mwaka 2011 ulikuwa wa kwanza wa kuzuia ukataji kupata krediti chini ya viwango vinavyosimamiwa leo na Verra, shirika linalosajili krediti, una karibu hekta laki mbili. Ninyi mna 60. Peke yenu hamwezi kuwa mradi. Mnaweza kuwa kipande cha mradi.

Hapo ndipo swali la vijana linapoingia, na mimi nawaunga mkono katika uchungu wao. Mfumo huu hulipa penye tishio. Aliyefyeka akapanda anaonyesha mabadiliko yanayoonekana, aliyetunza anaambiwa athibitishe kwamba angeharibu. Si haki, na hata wanaoutetea mfumo huu wanajua. Dunia imejaribu kulirekebisha hilo kwa nchi zenye misitu mingi ambazo hukata kidogo: Guyana ilipewa krediti za namna hiyo, na Desemba 2022 ikaingia mkataba na kampuni ya mafuta ya Hess wa angalau dola milioni 750. Ila mlango huo ni wa nchi ambayo zaidi ya nusu yake ni msitu. Uganda, ambayo mwaka 1990 misitu ilifunika asilimia 24 ya ardhi na kufikia 2015 ilikuwa imeshuka hadi karibu 9, haipiti hapo.

Kuna wajanja watakaosema: basi tukate kidogo tishio lionekane. Msithubutu. Kanuni za Verra zinataka ardhi iwe imekuwa msitu kwa angalau miaka 10 kabla mradi kuanza, na picha za setilaiti za miaka yote hiyo zipo. Mtakachokata leo mtakuwa mmekiondoa kwenye hesabu kwa mkono wenu.

Hilo la kiwango cha ukataji, ile asilimia 3 yangu ya mfano, ndilo limeiangusha biashara hii. Kwa miaka mingi mwenye mradi alijichagulia mwenyewe eneo la kulinganishia, na ukichagua jirani mharibifu, msitu wako unaonekana umeokolewa na malaika. Januari 2023 magazeti ya The Guardian la Uingereza na Die Zeit la Ujerumani, pamoja na shirika la uandishi wa uchunguzi la SourceMaterial, yalitoa uchunguzi uliodai kuwa zaidi ya asilimia 90 ya krediti za misitu ya mvua walizochunguza, zilizopitishwa na Verra, hazikuwakilisha kupungua kokote kwa hewa ukaa. Verra ilikanusha. Mwaka huo huo watafiti waliochapisha katika jarida la Science walionyesha kwamba miradi mingi waliyoipima haikupunguza ukataji kwa kiasi ilichodai. Oktoba kampuni ya South Pole, inayouza krediti, ikajitoa kwenye mradi mkubwa wa Kariba, Zimbabwe. Wanunuzi wakakimbia, bei ikaanguka. Novemba 2023 Verra ikatoa njia mpya ya kuhesabu, ambayo haimruhusu mwenye mradi kujipangia kiwango: data za eneo zima ndizo zinazotumika, kisha ramani ya hatari inaonyesha kila kipande kinastahili kiasi gani. Kwa hiyo hata mtu huyo akiwaahidi kiwango fulani, si yeye wa kukitoa. Pori lenu likiwa mbali na barabara na mbali na kambi za wakimbizi, ramani inaweza kuwapa kidogo kuliko asilimia 3.

Sasa niende upande wenye matumaini. Kati ya 2011 na 2013, katika wilaya za Hoima na Kibaale, ulifanyika utafiti ulioongozwa na mchumi Seema Jayachandran. Vijiji 121 vilihusishwa, vyote vikiwa na wenye misitu ya binafsi. Kwa kura, vijiji 60 viliwekwa kwenye malipo: mwenye msitu asiyekata alipata shilingi 70,000 kwa hekta kwa mwaka, ambayo ni 28,000 kwa ekari. Wakaguzi walipita msituni kuangalia visiki vipya. Baada ya miaka miwili, vijiji visivyolipwa vilikuwa vimepoteza asilimia 9.1 ya miti, vilivyolipwa asilimia 4.2. Nusu na zaidi ya uharibifu iliokolewa, na watafiti hawakukuta ushahidi kwamba watu walihamia kukata kwingine.

Mimi nautumia utafiti huo kila ninapoambiwa kwamba Mganda hawezi kutunza msitu bila bunduki ya askari. Lakini soma na upande wa pili. Fedha zile zilikuwa za wafadhili, hazikutoka kwenye soko la kaboni. Zilikuwa na muda maalum, zikaisha. Na waliojiunga walikuwa karibu theluthi moja tu ya waliostahili. Baadhi waliogopa kwamba ni hila ya kuwanyang'anya ardhi. Hofu hiyo sidhani kama huko kwenu naihitaji kuieleza.

Kwa hiyo ulizeni kwanza: ardhi hii ni ya nani kwa karatasi? Katiba ya 1995 inasema ardhi ya Uganda ni mali ya raia, na umiliki wa kimila unatambuliwa sawa na wa hati nyingine. Kimila inatosha kuishi, kulima na kuzikana. Haitoshi pale ambapo mgeni anataka haki ya miaka 40 juu ya kitu kisichoshikika, kwa sababu mnunuzi wa Ulaya atauliza nani hasa ana mamlaka ya kuuza, na anayejibu haraka ndiye atakayelipwa. Kama leo wazee watatu watatia sahihi, kesho mpwa mmoja anayeishi Kampala atakuja na wakili.

Sheria ya Ardhi ya 1998 imewapa njia. Ukoo unaweza kuunda chama cha ardhi ya pamoja chenye katiba yake na kamati ya watu kati ya 3 na 9, na angalau theluthi moja lazima wawe wanawake. Msiwaweke kina mama kwa kujaza nafasi. Wao ndio wanaookota shea na kuni humo, na siku ya kukubaliana nini kikatazwe, wao ndio wanajua nani anaingia upande gani. Kupitia kamati ya ardhi ya eneo na Bodi ya Ardhi ya Wilaya, chama kinaweza kuomba hati ya umiliki wa kimila. Sheria ya Misitu na Upandaji Miti ya 2003 nayo inaruhusu msitu wa asili ulio kwenye ardhi ya watu kusajiliwa kwenye bodi hiyo hiyo. Afisa misitu wa wilaya ndiye wa kumwendea. NFA, mamlaka ya taifa ya misitu, inashughulika na hifadhi za serikali. Hata hivyo hakikisheni mapema kwamba mpaka wenu haugusi hifadhi ya Zoka. Ukigusa, mnajadiliana kuhusu mali ambayo serikali itasema ni yake.

Mipaka ndiyo inayoua miradi ya kaboni kuliko moto. Mlima Elgon, kuanzia 1994, taasisi ya FACE ya Uholanzi na wasimamizi wa hifadhi walipanda miti ya kaboni ndani ya mpaka ambao wenyeji walikuwa hawaukubali. Watu walitolewa, kesi zikaenda mahakamani, na wananchi wakaifyeka miti ile na kupanda mahindi yao. Kaboni iliyopangiwa kudumu vizazi ikaliwa na ugomvi wa mpaka.

Linganisha na Yaeda, Tanzania, ambako Wahadzabe wanaishi kwa mizizi, asali na nyama ya porini. Pori lao ni kavu, linafanana na lenu kuliko msitu wa Budongo. Wao mwaka 2011 walipata kwanza hati ya pamoja ya ardhi ya kimila. Uuzaji wa kaboni, kupitia kampuni ya Carbon Tanzania na kiwango cha kaboni cha Plan Vivo, ulisimama juu ya hati hiyo, na fedha zinapitia jamii yenyewe: kulipa walinzi wa kijiji, matibabu, shule. Huo ndio mfuatano ninaoutaka kwenu. Hati, kisha kanuni za matumizi, kaboni baadaye.

Sasa kuhusu upimaji, kwa kuwa mnaombwa milioni 2 kwa ajili yake. Kampuni ya kweli hutafuta mtaji wa kupima yenyewe na kuurudisha kwenye mauzo. Mwenye ardhi anayetozwa ada ya kupimiwa kaboni kabla ya mkataba, mara nyingi hiyo ada ndiyo biashara yenyewe. Mkitaka kujua kama mpimaji anajua kazi, msindikizeni porini. Hapimi pori lote. Atachagua vituo kwa ramani, si kwa macho, na hata kituo kikiangukia kwenye kichuguu cha mchwa au uwazi wa nyasi ataking'ang'ania hicho hicho, maana akikisogeza kwenye miti mizuri amedanganya. Ataweka alama ya duara kwa kamba, kisha kila mti ndani ya duara utafungwa utepe kwenye mita 1.3 kutoka ardhini, usawa wa kifua. Ile miti yenu ya kuni inayotoa vigogo vitatu au vinne kutoka shina moja ndiyo mtihani wake: ikigawanyika chini ya mita 1.3, kila kigogo ni mti wake kwenye daftari. Ikigawanyika juu, ni mti mmoja. Shea ya zamani yenye nundu pale pale kifuani, utepe unasogezwa hadi pasipo na uvimbe. Asiyejua hayo, na anayesoma unene kwa kukadiria, mwondoeni kwa adabu.

Kuna kipimo kimoja mnachoweza kukifanya bila mgeni. Kwa hesabu ambazo Uganda iliwasilisha Umoja wa Mataifa mwaka 2017, msitu ni eneo la angalau hekta 1, lenye miti inayoweza kufika mita 4, na vivuli vya miti vikifunika angalau asilimia 30 ya ardhi. Hekta na urefu mnavyo. Vivuli ndivyo vya kuangalia. Tembeeni mstari mmoja ulionyooka kutoka upande hadi upande, na kila hatua kumi mtu ainue macho juu: jani au mbingu? Mkipata jani chini ya mara 3 kati ya 10, sehemu hiyo kwa sheria za kaboni si msitu, hata kama babu yenu aliwindia hapo. Mapori mengi ya kaskazini yanaanguka kwenye kipimo hiki, na ni bora mjue kabla ya kusafiri kwenda Kampala kwa mawakili.

Kuhusu mkataba. Miaka 40 peke yake isiwatishe. Kanuni za sasa za Verra zinataka miradi ya namna hii ipewe angalau muda huo. Linalonitia shaka ni mengine. Mkataba unasema ukoo unapata asilimia ngapi, na ya nini? Asilimia 60 ya mauzo ni tofauti kabisa na asilimia 60 ya "faida", kwa sababu faida hutokea pale tu mhasibu wa kampuni anapotaka itokee. Plan Vivo inataka angalau asilimia 60 ya bei ya krediti iwafikie washiriki. Hicho ni kipimo kizuri cha kubishania, hata kama kampuni haiko Plan Vivo. Ecotrust, shirika la Uganda ambalo tangu 2003 linawalipa wakulima wa Uganda kupanda miti chini ya kiwango cha Plan Vivo, huwagawia malipo kwa awamu ndani ya miaka 10. Kwao ni kupanda, kwenu ni kutunza, lakini mkataba wao unafaa kuutazama kwa sababu unaonyesha lini na kwa masharti gani.

Tafuteni pia mistari inayosema mnachokatazwa. Kuokota kuni kavu, shea, dawa, asali, kulisha mifugo, kukata nguzo za nyumba ya bi harusi: kila kimoja kiandikwe kuwa ni ruhusa. Kisichoandikwa kitakuja kuwa kosa. Halafu uliza moto ukiteketeza pori nani anadaiwa, kampuni ikiuzwa mkataba unaenda kwa nani, na ukoo unatokaje ikiwa miaka mitatu imepita bila senti. Yote haya kwa Kimadi au Kiswahili, yasomwe mkutanoni mbele ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji). Na ombeni barua kutoka Wizara ya Maji na Mazingira, kwa sababu Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2021 imeiweka wizara hiyo katikati ya biashara hii, na krediti inayouzwa kwa nchi nyingine ili iihesabu kwenye ahadi zake za kupunguza hewa ukaa inahitaji kibali cha serikali. Mwisho, daftari za Verra na Plan Vivo ziko wazi mtandaoni: kila mradi una namba, ramani na jina la mwenye mradi. Akiwa na namba, kijana wenu yeyote mwenye simu ataiona kwa dakika moja. Akisema bado wako njiani kusajiliwa, na aendelee na safari bila pesa zenu.

Nitakuambia ninavyoona mimi, Mwalimu, kama ningekuwa mzee wa ukoo huo. Kaboni ningeichukulia kama kitoweo. Ugali wenu uko kwingine. Shilingi 7,500 kwa ekari haiwezi kushindana na makaa, wakati gunia moja Kampala huvuka laki moja, ingawa kijana anayelichoma hupata sehemu ndogo ya hiyo. Kinachoweza kushindana ni vitu kadhaa pamoja kwenye ekari ile ile. Shea ya upande wetu wa Nile ina mafuta laini kuliko ya Afrika Magharibi na watengeneza vipodozi huyapenda, lakini bei nzuri huenda kwa wanaouza kwa kikundi kokwa za shea zilizokaushwa vizuri, bila ukungu. Mizinga inawekwa bila kukata chochote. Mkiunganisha na koo za jirani mkafikisha maelfu ya hekta zenye hati, basi kampuni ya kaboni itawatafuta yenyewe, na mtajadiliana mkiwa mmekaa.

Kabla ya hayo yote, dhibitini moto, kwa kuwa huo hauhitaji mwekezaji. Pori likiachwa hadi Februari nyasi zimekauka kama karatasi, moto mmoja wa mwindaji unaua miche yote na kuunguza shea zikiwa na maua. Chomeni kingo mapema, Novemba au mwanzo wa Desemba, wakati nyasi bado zina unyevunyevu na moto unatambaa chini bila kupanda. Pangeni watu, semeni siku, waambieni majirani. Msimu wa kwanza tu mtaona machipukizi ya shea yaliyokuwa yakiungua kila mwaka.

Vijana nao wasiambiwe "msikate" halafu wakaachwa hivyo. Amri ya Rais Namba 3 ya 2023 imepiga marufuku biashara ya makaa kutoka kaskazini, kwa hiyo lori la kwenda Kampala lisahaulike. Wakikamatwa, hasara ni yao. Kwa kuni na makaa ya matumizi ya nyumbani, ile miti ya kuni yenye vigogo vingi huchipua upya ikikatwa vizuri, kisiki kifupi, kikiwa kimeinamishwa ili maji yasikae. Tengeni ekari 15 upande wa karibu na nyumba, mzigawe vipande vitano, kila mwaka kikatwe kimoja na mbuzi wazuiwe humo mpaka machipukizi yawazidi urefu. Shea na beyo zisiguswe hata ndani ya kipande hicho. Zipigeni alama ya rangi kwanza, mbele ya vijana wenyewe, kabla shoka la kwanza halijainuliwa.